UZI: Siku tano Kisiwa cha Kati, Ziwa Turkana, tukivisha ndege pete. Na pete ya mzee mmoja wa Kalokol

Kitwitwi wa Ngara (mwanzisha uzi)

Wadau, hamjambo. Nimerudi Nairobi juzi usiku. Ngozi ya pua inabambuka, midomo imepasuka, na suruali nimeifua mara tatu bado inaacha mchanga mweusi kwenye karai. Mlioniomba nisimulie, nimekuja. Nitaandika kwa awamu kwa kuwa natumia simu. Awamu ya mwisho ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu, kwa hiyo naomba mnivumilie hadi huko.

Kwa asiyejua kazi yenyewe: tunamnasa ndege akiwa mzima, tunamvisha mguuni pete nyepesi ya alumini yenye namba ambayo hana ndege mwingine yeyote, tunampima, tunamwandika, kisha tunamwachia aende zake. Pete ya ndege mdogo ina uzito wa punje mbili tatu za mchele. Mtindo huu wa pete zenye namba na anwani ulianzishwa na mwalimu wa shule kule Denmark, Hans Christian Cornelius Mortensen, mwaka 1899, alipowavisha kwezi 165. Hapa kwetu zinakoandikishwa ni makumbusho ya Nairobi, pale pale Museum Hill mnapopita na matatu kila asubuhi. Na kazi kubwa ya pete nchini iko Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu 1969. Novemba na Desemba, usiku usio na mwezi, ukungu ukishuka kilimani, ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia huvutwa na taa za loji wakashuka kwa wingi, na watu wanawasubiri na nyavu. Ndege waliovishwa pale wamepatikana hadi Urusi.

Mimi ni mwanafunzi wa kazi hii, mwaka wa tatu sasa. Nilianza na yale matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia makumbusho, nikiwa na darubini ya kuazima. Wavu nilikuwa sijawahi kuutega nje ya miti ya mjini. Mwalimu wetu akasema Oktoba, kwenye giza la mwezi, tunakwenda Turkana, kwenye kisiwa kisicho na mtu.

Mama Wawili

Naweka kambi hapa. Dada, mamba je? Anza na mamba.

Fundi Saa

Endelea dada. Lakini mimi nina swali langu kuhusu hizo nyavu, nitalileta baadaye.

Kitwitwi wa Ngara

Mama Wawili, mamba wapo na watakuja kwenye simulizi.

Tulikuwa watano: mwalimu, wanafunzi wawili, dereva ambaye pia ndiye mpishi, na askari wa wanyamapori aliyeungana nasi Kalokol, mji mdogo kando ya ziwa. Vibali tulianza kuvitafuta mapema, cha pete na cha kuingia hifadhini, kwa sababu kisiwa kizima ni Hifadhi ya Taifa tangu 1983.

Nairobi hadi Lodwar ni kama kilomita 700. Tulitoka saa kumi usiku, tukalala Kitale, kesho yake tukashuka Kapenguria na Marich, na hapo ndipo unahisi nchi inabadilika chini yako. Baridi unaiacha mlimani kama koti. Ukifika Lokichar, hata upepo wa dirishani ni wa moto. Kabla ya Kalokol tulisimama pale kwenye mawe yaliyosimikwa, Namoratunga, ambayo simulizi ya Waturkana inasema yalikuwa watu waliogeuka mawe. Tulinyamaza wote, na safari yetu ilikuwa ya watu wanaopenda kuongea.

Maji tulibeba Lodwar, majerikeni kumi ya lita 20. Muuzaji alituapia kwamba yote ni mazima. Tulipofika ufukweni mawili yalikuwa nusu, yamevuja njia nzima kwenye magunia ya mkaa. Nalitaja kwa sababu kisiwani hamna maji ya kunywa. Ya ziwa yana magadi. Unaweza kuogea, lakini ukiyanywa tumbo litakueleza. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza tulikuwa tunapima maji kwa kikombe.

Boti tulipanda mchana, kutoka upande wa Ghuba ya Ferguson. Mwenye boti ni mzee mmoja mvuvi, na mwanawe kijana ndiye anayeshika injini. Mzee alikaa mbele kabisa, mkono mmoja ukingoni, hasemi. Nikamwamkia kwa "Ejok" niliyofundishwa na dereva njiani. Akacheka, akanijibu, kisha akarudi kuangalia maji.

Lokichar Kwetu

Karibu kwetu dada. Mmefanya vizuri kuvuka mchana. Wageni wengi hutaka kuvuka alfajiri wakidhani ni kama Mombasa. Upepo wetu unatoka kusini mashariki, unapiga usiku na asubuhi, mchana ndio unapumzika. Na ziwa lenyewe sisi tunaliita Anam Ka'alakol.

Msomaji wa Kale

Upepo huo usiuchezee. Mwaka 1934, kwenye msafara wa utafiti wa Mwingereza Vivian Fuchs, watu wawili, Sheflin mpima ardhi na Dyson daktari, walivukia Kisiwa cha Kusini kwenye ziwa hilo hilo. Wenzao waliokuwa bara waliona moto wao wa ishara siku za mwanzo. Kisha moto haukuonekana tena, na watu hao hawakupatikana hadi leo.

Kitwitwi wa Ngara

Msomaji wa Kale, mwenye boti alitusimulia jambo la jamii hiyo tukiwa katikati ya maji, na sikulala vizuri usiku wa kwanza kwa ajili yake. Tulikubaliana naye kwamba kila jioni saa moja tutawasha taa kali upande wa magharibi wa kisiwa, tuizime na kuiwasha mara tatu. Mwanawe angeiangalia kutoka Longech, kijiji cha wavuvi pale Ghuba ya Ferguson. Isipoonekana siku mbili, wanakuja.

Lokichar Kwetu, asante. Upepo huo unazungusha mitambo 365 ya umeme kule ng'ambo, upande wa Loiyangalani. Uelewe basi ulivyofanya na hema la Nairobi.

Sasa kisiwa. Kisiwa cha Kati ni volkano iliyotoka majini. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 5 tu, na ndani yake mna maziwa matatu kwenye mashimo ya volkano: moja la mamba, moja la heroe, moja la samaki. Ukisimama kwenye ukingo wa juu unaona maji ya rangi tofauti huku na huku, na wewe uko juu ya ukuta mwembamba wa majivu na mawe meusi. Miti ni michache, vichaka vya miiba, nyasi kavu. Hakuna kijiji wala kibanda. Usiku wa kwanza nilitoka hemani nikazima tochi, nikasikia mawimbi, upepo, na juu sana angani sauti ndogo za ndege wanaopita. Mwalimu alikuwa amesimama nje pia. Akaninyooshea kidole juu bila kusema neno.

Hao ndio tuliowafuata. Oktoba ndege wadogo wanatoka Ulaya na Asia kwenda kusini, wameshavuka majangwa, na kisiwa hiki ni mahali pa kuweka mguu.

Mama Wawili

Jamani. Na mamba?

Kitwitwi wa Ngara

Mamba sasa. Ziwa Turkana ni mojawapo ya makao makubwa ya mamba wa Nile, na kisiwa hiki ni mahali wanapotagia. Ziwa lao la volkanoni tulilitazama kutoka juu. Ufukweni wamelala kama magogo, unahesabu kumi, ukigeuka ni kumi na wawili. Kanuni ya askari wetu ilikuwa moja: hakuna anayefika hatua 30 za maji bila yeye, na usiku hakuna anayefika kabisa. Hata kuosha sufuria tulichotewa maji na yeye, tukaoshea kambini.

Kwa kazi yetu hilo lilikuwa na gharama. Ndege wa ufukweni, hawa kitwitwi niliojiita kwa jina lao, hunaswa usiku karibu na maji. Mwalimu alikataa. Alisema ndege akining'inia kwenye wavu pale ni chambo, na anayekwenda kumtoa ni chambo cha pili. Kwa hiyo nyavu zote sita tulizitega juu, kwenye vichaka vya bonde dogo linalokingwa na ukuta wa volkano.

Wavu wenyewe una urefu wa mita 12. Ni uzi mweusi mwembamba kiasi kwamba ukisimama hatua kumi huuoni. Una mikunjo kama mifuko. Ndege akiugonga anaangukia mfukoni na kutulia. Ardhi ya kule haikubali kuchimbwa, kila ukipiga unakuta jiwe, kwa hiyo nguzo za mianzi tulizifunga kwa kamba kwenye mawe makubwa. Kazi hiyo peke yake ilitula jioni mbili.

Bin Kitwana wa Eastleigh

Dada swali la kijinga: unamtoaje bila kumvunja?

Kitwitwi wa Ngara

Si la kijinga, ndilo swali tunalofundishwa mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kugusa pete. Unaangalia kwanza aliingilia upande gani. Anatolewa kwa njia aliyoingilia, miguu kwanza, kisha bawa moja, kisha la pili, kichwa mwisho. Ukikosea mpangilio unamkaza zaidi. Akishatoka unamshika mgongo wake ukiwa kiganjani, shingo yake katikati ya kidole cha shahada na cha kati, vidole vilivyobaki vimemzunguka bila kumbana. Kifua kinabaki huru, kwa sababu ndege anapumua kwa kifua. Ukimminya kifua anakufia mkononi. Kisha anaingia kwenye kifuko cha pamba. Gizani mle anatulia.

Unampeleka mezani. Meza yetu ilikuwa sanduku la chakula. Mguu unapimwa ujue pete ya ukubwa gani, pete inawekwa kwenye koleo maalumu lenye tundu, inafungwa kiduara bila mwanya, na lazima izunguke na kuteleza mguuni kwa uhuru. Bawa linapimwa kwa rula. Halafu ndipo sehemu ninayoipenda. Unapuliza taratibu manyoya ya kifuani, yanajigawa, na chini ya ngozi nyembamba unaona mafuta yake pale kwenye shimo la chini ya koo. Mengine ni ya manjano mazito kama siagi, mengine hakuna, unaona nyama nyekundu tu. Hayo mafuta ndiyo petroli ya safari. Unajua papo hapo huyu amebakiza nini.

Asubuhi ya kwanza tulipata ndege 31. Tulifungua nyavu saa kumi na moja alfajiri, tukafunga saa mbili na nusu, kwa sababu baada ya hapo jua ni la kuua. Mchana kipimajoto chetu kivulini kilisema nyuzi 38, na kivuli chenyewe ni turubai. Tulilala chini yake kama mbuzi mpaka saa kumi.

Fundi Saa

Sasa swali langu. Mnasema mnawapenda hawa ndege. Wametoka Ulaya, wamechoka, hawana mafuta, halafu mnawatandikia nyavu mahali pekee pa kupumzika. Mimi sioni mapenzi hapo. Na kuna wanaokufa, niambie ukweli.

Lokichar Kwetu

Swali zuri hilo.

Kitwitwi wa Ngara

Fundi Saa, nakujibu kwa heshima maana swali hilo nililibeba mwenyewe kutoka Nairobi. Ndiyo, wapo wanaokufa. Ni wachache sana kazi ikifanywa sawasawa, lakini wapo, na anayekuambia hakuna hata mmoja hajakuambia kweli. Sisi kisiwani hatukumpoteza hata mmoja, na sababu ni usiku wa pili.

Usiku huo upepo ulianza saa nane. Hema letu lilibandikwa chini kama chapati, tukatoka na kulikalia. Ilipofika saa kumi na moja, ndege walikuwa kila mahali. Sijawahi kuona vile. Upepo ulikuwa umewashusha, kila kichaka kina mbayuwayu wamebanana, kitikisa wanatembea katikati ya mawe mpaka karibu na viatu vyetu. Mwenzangu alishaanza kufungua wavu wa kwanza. Hesabu ya safari nzima ingepatikana asubuhi ile moja.

Mwalimu akasema, "Funga."

Tukamtazama. Akasema wavu unayumba, ndege ataviringishwa kwenye uzi, na sisi ni watatu tu wenye kuweza kuwatoa. Wakiingia mia kwa mpigo, wa kwanza atatoka salama na wa mwisho atasubiri saa nzima kwenye upepo na baada yake jua. Tukazikunja nyavu zote sita, tukazifunga kwa kamba, tukakaa juu ya mawe tukawaangalia kwa macho mpaka jua lilipowaka na wao wakaenda kutafuta chakula upande wa pili. Pete hatukuvisha hata moja siku ile. Nilikasirika, niseme wazi. Nilisafiri siku mbili na kunywa maji kwa kikombe, nikaambiwa nikunje wavu. Lakini kile ndicho kilichonijibu swali lako, na hadi sasa nikifumba macho asubuhi ninayoiona ni ile.

Kuhusu faida: bila pete hatujui wanapita wapi. Mwaka 1911 kule Uingereza mtu mmoja, John Masefield, alimvisha pete mbayuwayu nyumbani kwake Staffordshire, na Desemba 1912 mbayuwayu huyo akapatikana Natal, Afrika Kusini. Kabla ya hapo watu walikuwa wanabahatisha. Ukijua njia ndipo unaweza kumwambia mwenye kuamua kwamba bwawa hili au kichaka hiki kisiguswe.

Fundi Saa

Nimekuelewa kiasi. Mwalimu wako nampa heko. Endelea.

Mama Wawili

Mimi nimebaki na wale mbayuwayu waliobanana kwenye kichaka.

Kitwitwi wa Ngara

Siku ya tatu na ya nne upepo ulilegea, tukafanya kazi. Sitawachosha na orodha. Mmoja tu nimtaje.

Siku ya kwanza, mimi mwenyewe, nilimvisha pete kitikisa wa manjano, dume. Ndege mwembamba, mkia unatikisika hata akiwa mkononi. Nilipopuliza kifua hapakuwa na mafuta kabisa, na mfupa wa kifua ulichomoza kama kisu. Gramu 14.2. Niliandika daftarini mkono ukitetemeka, nikadhani nimemvisha pete maiti. Siku ya nne alfajiri, wavu wa tano, namtoa kitikisa naona pete mguuni. Nikasoma namba mara mbili kwa tochi. Ni yeye. Kifua kimejaa, pale kwenye shimo la koo pana manjano. Gramu 16.5. Alikuwa ameshiba nzi wa kisiwa kile, ambacho sisi tulidhani hakina kitu. Tulipomwachia alipaa moja kwa moja kusini, akavuka ukingo wa volkano, akawa nukta.

Bin Kitwana wa Eastleigh

Mashallah.

Kitwitwi wa Ngara

Sasa awamu ya mwisho. Someni taratibu.

Siku ya tano mchana mzee alikuja kutuchukua. Alitukuta tunafungasha, mwalimu anahesabu pete zilizobaki kwenye uzi wake, maana kila moja lazima ihesabiwe. Mzee akachuchumaa, akaichukua moja kwenye kiganja, akaitazama muda mrefu. Kisha akaingiza mkono kifuani, akatoa kikopo chake cha tumbaku kinachoning'inia kwenye kamba ya ngozi. Kwenye kamba ile, kati ya shanga mbili za buluu, palikuwa na pete.

Sikuamini. Ni kubwa kuliko zetu, imechakaa, imekuwa laini kama sarafu ya zamani. Mwalimu aliomba kwa mikono miwili. Tukaigeuza kwenye mwanga, tunaona kuna maandishi lakini hayashikiki. Mwana wa mzee ndiye aliyepata njia. Alichukua masizi chini ya sufuria yetu, akayapaka juu ya pete, akafuta kwa kidole. Masizi yakabaki ndani ya herufi. Tukasoma, herufi moja moja, sote vichwa vimegusana: HELSINKI. Na chini yake namba, ambayo tarakimu moja katikati imelika. Ni 3 au ni 8.

Helsinki iko Finland. Kule kuna shakwe wenye mgongo mweusi wanaozaa kwenye visiwa vya bahari yao na kuja kukaa kwenye maziwa ya Afrika Mashariki kipindi cha baridi yao.

Tukamuuliza mzee aliipata wapi. Akasema shakwe alinasa kwenye wavu wake wa sangara, alfajiri, akamkuta ameshakufa maji. Lini? Akamwelekeza mwanawe kwa kidevu: "Mwaka aliozaliwa huyu." Kijana ana miaka 22.

Miaka 22 pete imekaa kifuani kwake. Aliitunza kwa sababu aliona ina maandishi, na alijua kitu chenye maandishi mguuni pa ndege kimetumwa na mtu. Aliwaonyesha watu. Aliyekuwa na ofisi huko nyuma alimwambia ni takataka ya wazungu, atupe. Hakutupa. Akaniuliza mimi, kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Walioandika wanasubiri?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia ndiyo, wanasubiri.

Mwalimu akamweleza kwamba wanachohitaji ni namba, pete ni yake abaki nayo. Uso wake ulibadilika hapo. Nadhani alikuwa anajiandaa kuitoa. Akaifunga tena kwenye kamba yake, kati ya shanga zile mbili, akatuambia tupande boti.

Wadau, hilo ndilo nililokuja kusema. Wavuvi wa Turkana, wa Ziwa Victoria, wa Baringo, wa pwani yote, wanakutana na ndege hawa kuliko sisi wenye darubini. Pete ziko kwenye kamba za watu, kwenye makopo, kwenye mifuko ya makoti. Tunaandika ripoti nzuri kwa Kiingereza, lakini hakuna aliyekwenda kukaa na mzee yule akamwambia kwa Kiturkana, au hata kwa Kiswahili, kitu hiki ni nini na kinapelekwa wapi.

Kwa hiyo naomba: ukimkuta ndege aliyekufa ana pete, nakili kila herufi na kila tarakimu, piga picha ukiweza, andika tarehe, mahali, na alivyokufa. Peleka au tuma makumbusho ya Nairobi, hata kama pete imeandikwa nchi nyingine. Akiwa hai, usivue pete, soma namba umwachie. Na mwambie jirani yako mvuvi.

Lokichar Kwetu

Dada nimesoma nikasimama. Shangazi yangu Longech ana pete kama hiyo kwenye shanga za shingoni, nimeiona tangu utotoni. Tulikuwa tunaichezea. Sikuwahi kuuliza. Desemba nakwenda nyumbani, naapa nitaisoma kwa masizi.

Kitwitwi wa Ngara

Lokichar Kwetu, tafadhali. Muulize pia ndege alikuwa wa namna gani na ni msimu wa mvua au wa kiangazi. Hata akikumbuka kidogo.

Mama Wawili

Mimi nyumbani ni Usenge, wavuvi watupu. Nimeshampigia kaka. Anasema zipo mbili kwa mwenye duka la nyavu, amezitundika msumarini. Nimemwambia asizisogeze mpaka apige picha.

Fundi Saa

Mimi kazi yangu ni saa, maandishi madogo yaliyolika nimeyasoma maisha yangu yote. Masizi ni sawa, lakini mkiwa na penseli laini na karatasi nyembamba ya sigara, mkandamize juu ya pete na kusugua, tarakimu inatoka na mnabaki na nakala. Kama kuna ambayo imeshindikana, nileteeni, lenzi ninayo. Sitatoza.

Kitwitwi wa Ngara

Fundi Saa, nimeguswa kweli. Nitakuandikia ujumbe.

Bin Kitwana wa Eastleigh

Wiki tatu zimepita dada. Helsinki wamesemaje?

Kitwitwi wa Ngara

Bado. Tulipeleka namba zote mbili, yenye 3 na yenye 8, pamoja na picha na maelezo ya mzee. Jibu la pete ya zamani huchukua muda, watu wanafukua madaftari.

Mzee hana simu. Kila Jumapili jioni mwanawe ananipigia kutoka Kalokol, mtandao unakatika, upepo unavuma kwenye spika. Anasalimu, anauliza habari za Nairobi, halafu anasema, "Baba yuko hapa. Anauliza, yule ndege amesemaje?"